Kilio cha Jumamosi

Chuo cha Ualimu cha Wasichana,
Milimani, njia ya Bombo
10 Mei 1953

Mdogo wangu Eliwaza,

Salamu zako nimezipata kwa mdomo wa Yahaya wa lori, pamoja na tende. Nusu ya tende zilipotea njiani, na Yahaya anaapa kwamba ni mashimo ya barabara ndiyo yaliyozila. Mimi mzima, ila magoti. Ukungu haujatoka hapa tangu Pasaka na kuni zote zimelowa, kwa hiyo tunakula uji wenye harufu ya moshi na kumshukuru Mungu.

Tumeibiwa mablanketi. Mtu aliingia bwenini mchana kweupe, wasichana wako darasani, akabeba alichoweza na kutoka kwa mlango kama mgeni aliyekwisha kunywa chai. Basi Bibi Mkuu, yule Mzungu wetu, amegeuka askari. Ameagiza uzio wa miiba. Ameajiri mlinzi, mzee Sefania, ambaye anakaa langoni akisuka vikapu na kumwuliza kila mpita njia habari za mbuzi wake. Na mimi matroni nimevikwa funguo shingoni kama ng'ombe wa kengele. Nikitembea, wasichana wananisikia toka mbali, wanaacha walilokuwa wakilifanya. Usalama wetu ndio huo.

Mwanao Lea hajambo. Jioni anawafundisha wenzake hesabu, na wanamwelewa yeye kuliko mwalimu. Mtihani wa mwisho ni Novemba. Akishinda atapewa shule, na ameshasema anataka darasa la kwanza, kwa sababu watoto wa darasa la kwanza bado wanauliza maswali. Nakuomba aachwe amalize. Nasema hivyo kwa kuwa namjua Asheri mumeo.

Nimechoka, naenda kulala na funguo zangu.

Dada yako,
Dorkasi


Same, Stesheni
24 Mei 1953

Dada Dorkasi, shikamoo.

Hiyo ya ng'ombe wa kengele nimeicheka mpaka Asheri akauliza kama nimerogwa. Wewe dada hata ukizeeka ulimi wako hauzeeki! Huku jua linatukaanga. Vumbi likitulia, treni inapita na kulitimua tena, na nguo nilizoanika naziingiza ndani zikiwa na rangi ya barabara.

Niambie, huo uzio umezunguka chuo chote? Na wasichana wanafulia wapi siku hizi, bado kule mtoni chini? Siku gani? Usinishangae kwa maswali, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikisikia wezi wameingia bwenini mwili wote unanisisimka.

Tumekuwa na wageni hapa, wazazi wa Aminiel, yule kijana karani wa shamba la mkonge la Mwanga. Kwao ni Msangeni. Kijana ana baiskeli, ana adabu, na kanisani anaimba besi. Wameleta mbuzi. Hayo ni mambo ya wanaume, mimi nilipika makande tu nikanyamaza.

Mdogo wako,
Eliwaza


Chuoni
7 Juni 1953

Mdogo wangu,

Umenyamaza wewe? Tangu lini?

Nakujibu maswali yako ili mwili uache kukusisimka. Uzio umekwisha pande tatu. Upande wa mto upo wazi, kwa sababu maji ya mfereji wa wenyeji yanapita pale, na wazee wa kijiji walimwambia Bibi Mkuu kwamba mtu hafungi maji kwa miiba. Kufua ni Jumamosi, wakishakunywa uji. Wanashuka wote na mimi nawasindikiza. Nakaa juu ya jiwe kubwa na kuwahesabu kama kuku. Kushuka si kazi, kupanda ndiko kunakoniua.

Sasa hao mbuzi. Nilimwita Lea chumbani nikamwuliza kwa upole kama anamjua Aminiel. Akasema anamjua. Nikamwuliza, unamtaka? Akasema, "Mama mkubwa, simtaki. Si kwamba ana ubaya. Simtaki." Alilisema akinitazama usoni, hakuinama wala hakuuma kidole. Mwambie Asheri awarudishe hao mbuzi wangali wanene.

Wiki hii watoto walipewa sukari kwa ajili ya Malkia mpya kutawazwa huko Uingereza. Waliimba vizuri. Mimi nilisinzia.

Dorkasi


Same
21 Juni 1953

Dada, shikamoo.

Naandika nimesimama, Yahaya anapiga honi. Nakuletea sabuni, na mafuta ya kuchua magoti. Dada, nakusihi, usishuke tena mtoni na hao watoto. Jumamosi hii pumzika, ujichue, ulale. Wasichana wakubwa wale, watajisimamia. Ukianguka kwenye mawe nani atakuokota?

Lea msalimie. Mwambie mama yake anampenda sana.

Eliwaza


Chuoni
Jumapili, 28 Juni 1953

Eliwaza,

Sijui nianzie wapi. Lea amebebwa.

Jana asubuhi wasichana walishuka kufua. Mimi nilifuata maneno yako, nikajichua mafuta, nikalala. Ernesta, rafiki yake, ndiye aliyenisimulia. Anasema walikuwa wanakamua shuka, Ernesta upande huu na Lea upande ule, wanaume wakatokea kwenye migomba upande ule usio na uzio. Wakamnyanyua juujuu. Lori la kukodi lilikuwa limesimama barabarani, limewashwa.

Alipiga kelele, Eliwaza. Ernesta anasema hajawahi kusikia mtu akilia hivyo. Na kule juu kwenye matuta ya maharage wanawake walikuwa wanapalilia. Waliinuka wote, wakatupa majembe, wakapiga vigelegele! Mmoja akaanzisha wimbo. Hivyo vigelegele mimi nilivisikia nikiwa kitandani. Nikajiuliza, harusi ya nani leo, nikageukia upande wa pili.

Nilimwendea Sefania langoni. "Mzee, hukusikia?" Akasema, "Nilisikia, mama. Nikasema huyo bibi harusi analia vizuri, ana heshima kwao." Alikuwa na kikapu mapajani. Hata hakuwa na aibu, maskini, maana hakujua amekosea wapi. Na wewe unajua, kwetu binti asipolia siku ya kubebwa watu husema alimwita mume mwenyewe. Wote hulia. Basi nani atajua yupi analia na yupi analia?

Bibi Mkuu anataka kumfukuza kazi Sefania na kumalizia uzio hadi majini. Mimi nakuomba wewe na Asheri mwende Mwanga leo hii. Ni watu wa Aminiel tu, siwezi kumfikiria mwingine. Nenda mdogo wangu, nenda upesi. Niliwekwa kumlinda na nilikuwa nimelala.

Dorkasi


Same
2 Julai 1953

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Futa machozi. Yahaya aliniambia ulimpa barua huku unalia, roho ikaniuma. Naona nilipaswa kukwambia mapema, ila nilikuogopa ulimi.

Ni harusi, dada. Asheri na wazee wa Aminiel walishakubaliana. Mimi nilijua. Ndiyo maana nilikuomba upumzike, nisingependa ukimbizane na wanaume kwenye mawe na magoti yale. Lea yupo Msangeni kwa mama mkwe wake, analishwa maziwa na siagi, na mchungaji atawabariki Agosti. Hakuna aliyeibwa.

Unasema alilia. Sasa ulitaka acheke? Mbona wewe ulilia! Mpaka leo kijijini wanakusifu. Mama alikuwa akisimulia mpaka kufa kwake jinsi ulivyomkwaruza shemeji Nathanaeli shingo, jinsi ulivyoshika mti wakashindwa kukubandua. "Dorkasi alinipa heshima," ndivyo alivyokuwa akisema. Na ukakaa na mumeo miaka yote kwa amani. Mimi nilikuwa mdogo lakini naikumbuka siku ile, ilikuwa nzuri sana.

Binti akimwambia mama mkubwa wake "simtaki", hiyo ni haya tu. Ungesema nini wewe, unamtaka?

Ule vizuri. Usimlaumu yule mzee wa langoni, yeye alisikia sawasawa.

Eliwaza


Chuoni
6 Julai 1953

Eliwaza,

Uliniuliza wanafulia wapi, nikakwambia. Uliniuliza siku, nikakwambia. Uzio wa miiba, mlinzi, funguo, vyote hivyo, na mlango wenyewe nilikuwa mimi. Nilikuandikia kwa mkono wangu.

Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia mtu na sitalirudia. Sikuwa nalia kwa desturi. Nilikuwa natoka kuchota maji. Walipotokea nilimwita baba. Nikamwita mjomba. Nikakuita wewe, Eliwaza, kwa jina lako. Ulikuwa umesimama kando ya njia, unapiga makofi. Nilishika ule mti kwa sababu nilitaka kubaki nyumbani, si kwa sababu nilitaka kumpa mama heshima! Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo watu walivyofurahi. Mwisho nikaona kelele zangu ndizo zinazonipeleka, nikanyamaza.

Nathanaeli hakuwa mtu mbaya. Nilimzoea. Alipokufa nilimlilia kweli, na hata siku ile nilisikia mama mmoja nyuma yangu akisema, Dorkasi anajua kulia. Basi usiniambie mimi habari za kukaa kwa amani. Nilichoka tu mapema kuliko wengine.

Bibi Mkuu alikwenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hapo Same. Bwana Shauri akawaita wazee wa baraza. Wazee wakauliza neno moja: baba analalamika? Hapana. Mama analalamika? Hapana. Basi hakuna kesi, hiyo ni harusi. Bibi Mkuu alirudi mwekundu kama udongo wa Mwanga, akafunga mlango wa ofisi. Mimi si mama yake Lea. Ernesta si mama yake. Neno letu halina uzito hata wa unyoya.

Limebaki lako. Nenda Msangeni. Usiende na Asheri, nenda peke yako, umtazame mwanao usoni na umwulize. Ukimkuta anacheka, nitakuja Same kwa miguu, kwa magoti haya haya, nikuombe radhi mbele ya majirani zako. Na ukimkuta hacheki, ujue utafanya nini.

Dorkasi


Same
17 Julai 1953

Dada.

Shikamoo. Barua yako niliisoma nyuma ya jiko ili Asheri asinione. Sikulala. Niliikumbuka siku ile tena, na makofi yangu. Ni kweli uliniita. Nilidhani unaniita nije kuona.

Nilimwambia Asheri nakwenda kumpelekea mwali kanga. Nikapanda basi hadi Mwanga, nikapanda mlima kwa miguu hadi Msangeni. Walinipokea vizuri mno, nakwambia ukweli. Mama yake Aminiel akanitandikia mkeka, ndizi zikapikwa na nyama. Aminiel mwenyewe akanisalimu amepiga magoti. Lea akaja, amevaa vizuri, amepakwa mafuta, akasema shikamoo mama kwa sauti ndogo. Akanitilia chakula, akaninawisha mikono. Hakulia hata chozi. Nikasema moyoni, unaona? Dada ana machungu yake, mwanangu ametulia.

Nikala nikashiba, nikaaga. Lea akanisindikiza mpaka uani, wenyeji wakiwa wanatutazama kwa furaha. Nikamwuliza pale, kwa kunong'ona, "Mwanangu, umependa hapa?"

Akajibu, nikashindwa kusikia. Nikainama. Dada, hana sauti. Ile sauti ndogo niliyodhani ni adabu ya mwali, ni sauti iliyokatika. Amelia mpaka koo limechanika. Akaniambia sikioni, "Mama, nililia mtoni, nikalia kwenye lori, nikalia humu ndani mpaka nikaishiwa. Wananipongeza. Wewe ni mama yangu, nifundishe. Kilio cha kweli mtu hukiliaje, nikilie?"

Nilitaka kumwambia vumilia. Badala yake nikakaa chini pale pale kwenye vumbi la wakwe zangu. Nikapiga ukunga.

Unajua mama wa bibi harusi halii. Binti hulia, yeye huchekelea. Na mkwe kupiga ukunga uani kwa wakwe zake, hilo hata halijapata jina. Uwiii! Uwiii! Watu walitoka kila upande. Wanaume walikuja na mapanga, wanawake wamefunga vitambaa kiunoni, watu wa ng'ambo ya bonde nao wakaja wakikimbia. Wakauliza, nani amekufa? Moto uko wapi? Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga kigelegele, dada. Kumbe watu hawa hawa wanajua kukimbia!

Nikasema, mwanangu hataki. Nikalisema tena kwa nguvu ili wa nyuma wasikie. Mama yake Aminiel akaanza, "Lakini analia kama wote wanavyolia." Nikamjibu, mimi je, nalia kama wote? Mzee mmoja pale akasema mama akilalamika hakuna harusi, amchukue mwanawe. Aminiel alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia. Akaniuliza mimi, hakumwuliza Lea, "Kwani alikuwa analia kweli?" Nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma, nikamshika mwanangu mkono nikaondoka naye.

Asheri hanisemeshi. Mbuzi wamerudishwa na ameona aibu kazini, stesheni nzima inajua. Analala kwa ndugu yake. Akirudi atarudi, asiporudi basi, sasa hivi sina nguvu hata ya kuogopa. Lea anakunywa maji ya asali na limau. Kesho nampandisha lori la Yahaya, aje kwako na barua hii mkononi. Mfungulie mlango.

Na unisamehe. Sijui kama nina haki ya kuomba, lakini naomba.

Eliwaza


Chuoni
2 Agosti 1953

Mdogo wangu Eliwaza,

Mtoto amefika. Yahaya alimkalisha mbele karibu naye na safari hii hakuna tende zilizopotea. Lea amerudi darasani. Sauti inarudi kidogo kidogo, asubuhi inakwaruza, mchana inasikika. Hesabu amewaacha wenzake mbali kama kawaida. Ila akisikia gari barabarani anaweka kalamu chini na kusubiri lipite.

Umeniomba nikusamehe. Ulikuwa mtoto, na mtoto hupiga makofi wakubwa wakipiga. Ya Juni ni mengine, hayo bado yananiuma, sitakudanganya. Lakini ulikaa kwenye vumbi ukapiga ukunga, na mimi kwa ajili yangu hakuna aliyekaa kwenye vumbi. Nikisoma ile barua yako nalia, halafu nakasirika, halafu naisoma tena. Asheri asiporudi, njoo. Chumba changu kina ukungu lakini nafasi ya kitanda cha pili ipo.

Sefania hakufukuzwa, nilimwombea. Ila vikapu ameviacha. Siku nyingi alikuwa amekaa langoni mikono mitupu, mpaka nikamwuliza kama anaumwa. Akasema, "Mama, nina mabinti watatu. Wote walilia vizuri." Juzi ameomba ruhusa, amechukua fimbo na kwenda kwa yule mkubwa, aliyeolewa Mbaga. Anasema anataka kumwuliza tu. Sijui kama ataweza kulisikia jibu.

Uzio umefika majini. Wazee wa mfereji wamenuna, Bibi Mkuu ameahidi kuwawekea kilango. Mimi bado nashuka kila Jumamosi na kukaa kwenye jiwe.

Na jana Bibi Mkuu alitukusanya wote barazani. Ameagiza filimbi kutoka Moshi, moja kwa kila msichana, zina kamba ya kuvaa shingoni. Akaeleza kwamba msichana akiona hatari apulize kwa nguvu zote, na sauti itafika hadi kijijini. Wasichana wakazipuliza zote pamoja, mbwa wa jirani wakakaribia kupata wazimu, hata mimi nilicheka. Lea peke yake aliirudisha mezani, kwa mikono miwili, kwa adabu. Bibi Mkuu akamwuliza kama haogopi tena.

Akasema, "Naogopa, Bibi. Lakini siku ile hakuna aliyekosa kusikia."

Dada yako,
Dorkasi